Kichupa cha Siku Saba

Kila siku, akishatoka skuli na kula, Wanu alivua gauni la skuli, akajifunga kanga kuukuu, akachukua kikapu cha ukindu na kutoka kwenda kutafuta chupa. Alizijua nyumba zote za mtaa wao wa Ng'ambo zilizotumia mafuta ya karafuu ya bibi yake. Alipita mlango kwa mlango akiita, "Hodi! Chupa tupu zipo?" Kutoka ndani alijibiwa, "Zipo, mwanangu, subiri," au, "Hayajesha bado, pita tena Jumatatu."

Vilikuwa vichupa vidogo vya kioo, vya kila namna. Vingine vilikuja mjini na dawa ya kikohozi, vingine na mafuta ya nywele, vingine na manukato. Bi Mwanakhamis, bibi yake mzaa mama, hakujali vilikotoka. Alichotaka ni kwamba viwe vya kioo na midomo yake isiwe imemeguka.

Kuvikusanya hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuviosha. Wanu alivilaza ndani ya beseni la maji ya moto na majivu, akavitia mchanga mwembamba na kuvitikisa kimoja kimoja mpaka mkono ukaingia ganzi. Kisha alivisuuza mara tatu, akavipanga vichwa chini juu ya jamvi juani. Vilipokauka, Bi Mwanakhamis aliketi juu ya kibao chake cha mbuzi ya nazi, akanusa kila kichupa. Kilichokuwa bado kinanuka dawa au manukato kilirudi beseni.

"Hiki bado, mjukuu wangu."

"Bibi, hicho nshakiosha mara mbili!"

"Basi mara ya tatu kitatakata. Mtu anayatia mafuta haya kinywani mwake, ati."

Bi Mwanakhamis alikuwa na sufuria kubwa ya shaba uani. Makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, aliletewa kwa magunia kutoka mashamba ya Kidichi. Aliyatia ndani ya sufuria na maji, akaziba mfuniko kwa unga uliokandwa, akawasha moto. Mvuke ulipita katika mrija mrefu uliozama ndani ya pipa la maji baridi, ukatoka upande wa pili matone kwa matone. Mafuta yalizama chini ya maji, naye akayakinga taratibu. Mwenye jino bovu alichovya pamba ndani ya mafuta hayo, akaiweka penye tundu, na maumivu yakatulia. Ng'ambo nzima ilijua kwamba Bi Mwanakhamis hachanganyi kitu.

Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Alimjua mtu kwa sauti na kwa mwendo, na siku hizi hata uzi alitungiwa na Wanu.

Wanu alimpenda bibi yake, ila chupa alizichoka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jioni, wenziwe walipocheza mpira wa nage uwanjani, yeye alikuwa ameinamia beseni, vidole vimekunjana kwa maji. Wasichana wengine walimpachika jina, wakamwita Wanu Machupa. Shemsa, rafiki yake wa darasa moja, hakumwita hivyo hata siku moja. Mara nyingine alikuja kukaa naye na kumsaidia kusuuza.

Siku moja ya mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nane, mjomba wake Wanu, Mcha, aliingia uani amebeba boksi la karatasi ngumu. Mcha alikuwa akifanya kazi ya kufungua mizigo katika duka moja la Darajani.

"Mama, leo nimekuletea kitu," alisema. "Tajiri kanipa boksi zima, maana vifuniko vimechanganyika rangi, hawezi kuviuza."

Alitoa kichupa kidogo chekundu, chepesi kama ganda la yai, chenye kifuniko cha kuzungusha. Akakiachia kikaanguka sakafuni. Kikadunda, kikaviringika mpaka miguuni mwa Wanu, kizima.

"Plastiki hii," Mcha alisema kwa fahari. "Haivunjiki, haitaki kizibo, na mtu akishatumia anatupa. Hakuna kuosha tena."

Wanu aliyasikia yale maneno ya mwisho kama mtu aliyesikia kesho ni Idi. Alikiokota kile kichupa, akakigeuza geuza. "Bibi, kizuri! Tazama, kisafi, hakina harufu."

Bi Mwanakhamis alikishika, akakipapasa, akakinusa. "Ni kizuri, sikatai. Lakini mafuta ya karafuu ni makali. Nnavyoyajua mimi, yakimwagika juu ya rangi ya mlango, rangi huondoka. Sitayatia katika kitu nisichokijua." Alifikiri kidogo. "Natukijaribu kwanza. Wanu, jaza kimoja, ukiweke juu ya rafu. Siku saba. Kila asubuhi kitazame vizuri, na ukiona lolote, hata dogo, niambie. Mimi sioni tena vitu vidogo. Wewe ndiye macho yangu."

"Naam, Bibi."

Siku ya kwanza kichupa kilikuwa kama kilivyo. Siku ya pili pia, na Wanu alikwenda skuli akiruka ruka. Siku ya tatu aliona kama ndani pameingia ukungu, mfano wa kioo kilichopumuliwa. Alijiambia ni baridi ya asubuhi. Siku ya nne ukungu ulikuwa umezidi, na alipokigusa kichupa kidole chake kilinata. Siku ya tano akaona mistari myembamba kama unywele ikizunguka shingo, na kifuniko kilikataa kuzunguka.

Alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu. Uani alisikia bibi yake akimtajia mtu habari za makonyo. Ingekuwa maneno mawili tu: Bibi, kimeharibika. Lakini nyuma ya maneno hayo aliliona beseni, mchanga, majivu, na jua likizama huku wenziwe wakipiga kelele uwanjani.

"Ki hali gani kichupa chetu?" bibi aliuliza kutoka nje.

"Kizima, Bibi," Wanu alijibu. Alishangaa jinsi lile neno lilivyotoka jepesi.

Siku ya saba, kabla bibi hajamaliza sala ya alfajiri, Wanu alikichukua kile kichupa, akakifunga ndani ya tambara na kukitupa jaani. Akajaza kichupa kipya, akakipeleka. Bi Mwanakhamis alikipapasa chote kuanzia chini mpaka kifunikoni. Kilikuwa laini. Akakinusa, akatabasamu.

"Haya. Kama macho yako yameridhika, na mimi nimeridhika. Mungu kakupumzisha, mjukuu wangu."

Wanu hakuweza kumtazama. Lakini jioni ile alicheza nage mpaka adhana ya magharibi, na alipolala alikuwa amechoka kwa furaha. Vichupa vya kioo alivitia ndani ya gunia nyuma ya jiko. Watoto wadogo wa jirani walipoviomba vya kuchezea duka, aliwagaia bila kuhesabu.

Mafuta yalitoka. Vichupa vyekundu, vya manjano na vya kijani viliingia nyumba ishirini na tisa, na watu walivisifu. Siku chache zikapita.

Jumatatu Shemsa hakuja skuli. Jumanne vilevile. Wanu alishangaa, maana Ijumaa kulikuwa na Maulidi ya skuli, na Shemsa ndiye aliyechaguliwa kusoma Kurani mbele ya wazee wa kike wote. Walikuwa wamefanya mazoezi pamoja mwezi mzima. Wanu alipomaliza masomo alikwenda kwao moja kwa moja.

"Hodi!"

"Karibu," alijibu mama yake Shemsa, Bi Mwatum. Sauti yake haikuwa ya kila siku.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Mwenzio yumo ndani. Usimsemeshe sana, hawezi."

Shemsa alikuwa kitandani, shavu la kushoto limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Alizungumza kwa tabu, mdomo nusu wazi. Usiku wa Jumapili jino lilimuuma, alisema, na mama yake akamtilia pamba yenye mafuta ya karafuu kama siku zote. Asubuhi pamba haikutoka. Ilikuwa imeganda ndani ya tundu la jino kama gundi, na ufizi umechubuka. Walikwenda hospitali, daktari akaitoa kwa koleo kipande kipande. Sasa jino lenyewe lilikuwa limeingia usaha, na kinywa kilikuwa hakifunguki.

"Ijumaa je?" Wanu aliuliza, ingawa jibu alilijua.

Shemsa alitikisa kichwa. Chozi moja lilimshuka, likafuata mkunjo wa uvimbe. "Watamchagua mwengine."

Wanu aligeuza uso, na hapo ndipo alipokiona. Juu ya ubao wa dirisha kilikuwepo kile kichupa chekundu, kimelegea kama nta iliyoachwa juani. Kimeinama upande, kimeshikana na mbao, na mafuta yaliyobaki ndani yamekuwa mazito, yanavutika kama utomvu. Aliaga kwa haraka, akatoka bila kuvaa viatu sawasawa.

Nyumbani alikula matonge mawili akanawa. Usingizi haukuja. Kila alipofumba macho aliona shavu la Shemsa.

Kesho yake alasiri, Bi Mwatum alikuja, na pamoja naye jirani mmoja aliyekuwa ameharibikiwa na nguo sandukuni. Bi Mwanakhamis alikuwa uani akichochea moto. Wanu alikuwa akimletea kuni.

"Bi Mwanakhamis," Bi Mwatum alisema baada ya kusalimiana. Hakukaa. "Mimi nimekua nikikuona. Mama yangu alinunua kwako, na mimi nimenunua kwako. Sikutaraji siku moja nitakuja hapa kukuuliza: umechanganya nini katika mafuta?"

Bi Mwanakhamis aliacha kuchochea. "Nimechanganya?"

"Yamekuwa gundi. Mwanangu hali, hasemi. Mwenzangu huyu yamemwagika sandukuni, buibui lake jipya limeshikana na kanga haziachani. Mtaani wanasema umezeeka, mafuta yamekuwa machache, ukaongeza utomvu ili yawe mengi. Mimi nimewakatalia. Lakini la kuvunda halina ubani, Bi Mwanakhamis. Nieleze."

Bibi alinyanyuka polepole, mkono mmoja kiunoni. Wanu hakuwahi kumwona akisimama vile, kama mtu anayetafuta ukuta wa kushika.

"Mwatum, Wallahi sijatia tone la kitu. Miaka thelathini sijachanganya, nije nianze leo naelekea kaburini? Vyombo tu ndivyo vipya. Na vyombo nilivijaribu siku saba. Kama huniamini mimi, muulize huyu mtoto. Yeye ndiye aliyekitazama kila asubuhi. Wanu, mwambie Bi Mwatum."

Wote watatu walimgeukia. Kuni zilikuwa bado mikononi mwake. Wanu alijua kwamba akisema kilikuwa kizima, bibi yake ataamini, na mtaa utaamini kwamba bibi yake ni mwizi. Akiyasema ya kweli, yeye ndiye atakuwa mwongo. Njia ya tatu haikuwepo.

"Kiliharibika, Bibi," alisema. "Siku ya tatu kiliingia ukungu. Siku ya tano kikafanya nyufa. Nikakitupa, nikakuletea kipya. Nilisema kizima. Hakikuwa kizima."

"Kwa nini?" bibi aliuliza, polepole sana.

"Nimechoka kuosha chupa." Hapo ndipo machozi yalipomjia, na kuni zikamwanguka miguuni.

Bi Mwatum alivuta pumzi, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu kikali. Bi Mwanakhamis akamtangulia. Alitembea mpaka aliposimama mbele yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwatum, nisamehe. Mafuta yametoka katika nyumba yangu. Mtoto kadanganya, lakini mkubwa ni mimi. Pua yangu haijapofuka. Ningekwenda mwenyewe siku moja tu kunusa rafuni, ningelijua. Mgonjwa wako nitakuja kumtazama leo hii, na kila tunaloweza kumfanyia tutamfanyia."

Bi Mwatum alimtazama yule mzee, kisha akamtazama Wanu. Hasira ilikuwepo bado usoni mwake, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyekwisha kujua ukweli, na hiyo haiwaki sana. "Kheri umesema, mtoto," alisema. "Ungechelewa zaidi, nisingekusikiliza." Wakaondoka.

Wanu alingoja kupigwa. Hakupigwa. Bibi yake aliketi juu ya kibao, akahesabu kwa vidole.

"Vimebaki vichupa ishirini na saba katika nyumba za watu," alisema mwishowe. "Kesho kuna mtu atatia pamba jinoni mwake. Chukua kikapu. Utapita nyumba zote, sasa hivi, na kila nyumba utasema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kutembea, ingawa mitaa ilikuwa ileile. Mjomba Mcha alikuja akitoka kazini, akasikia. "Boksi nililileta mimi," alisema, akamtwaa mama yake mkono ili asijikwae, wakafuatana. Kila mlango Wanu aliita hodi, na kila mlango maneno yalikuwa mazito kama mara ya kwanza. Kuna waliomhurumia. Kuna waliocheka. Mama mmoja aliwafungia mlango bila kujibu, akakitupa kichupa kupitia dirishani. Kila walipokikuta, kilikuwa kimelegea au kimenata. Mzee mmoja alikuwa amekishika mkononi tayari, pamba i juu ya goti lake, na alipoambiwa alikiweka chini taratibu na kusema, "Alhamdulillahi, mmewahi."

Usiku ulipoingia walikuwa wamepata ishirini na sita. Kimoja kilikuwa kimechukuliwa na Bi Sichana, aliyesafiri kwenda kwao Tumbatu. Bi Mwanakhamis hakuridhika mpaka Mcha alipopeleka salamu alfajiri kwa dereva wa gari la Mkokotoni, kunakovukiwa kwenda Tumbatu. Siku mbili baadaye jibu lilirudi: kichupa kilivuja njiani, kikamharibia mkoba, naye alikitupa.

Sasa palihitajika chupa za kioo, na zilizobaki ndani ya gunia zilikuwa tisa. Wanu alikwenda skuli akiwa amejiandaa kuchekwa. Habari zilikuwa zimeshafika. Msichana mmoja wa nage alianza, "Wanu Machupa..."

"Ndiyo," Wanu alisema. "Nazitaka. Mwenye chupa ya kioo nyumbani kwao aniletee, tafadhali. Watu wana meno yanawauma na mafuta hayana pa kutiwa."

Kesho yake Wanu aliletewa chupa nne, na yule msichana mwenyewe alileta mbili.

Ijumaa msichana mwengine alisoma Kurani katika Maulidi, na alisoma vizuri. Wanu hakukaa na wenziwe. Yalipokwisha alimpelekea Shemsa sahani ya halua na kikombe cha kahawa, na akakaa kando ya kitanda.

"Mama kanieleza," Shemsa alisema. Uvimbe ulikuwa umepungua. "Kwa nini hukuniambia siku ile ulipokuja?"

"Niliogopa."

"Nimekasirika, Wanu."

"Najua."

"Bado nimekasirika." Alimega kipande kidogo cha halua, akakitafuna kwa upande mzima. "Lakini kaa."

Wiki iliyofuata Shemsa alikuja uani kwao. Wanu alikuwa ameinama juu ya beseni kama zamani, lakini pembeni yake palikuwa na mkebe wa nyuzi za rangi. Alikuwa amefikiri jambo, na kabla ya kulifanya alimweleza bibi yake.

"Bibi, kinachotuchosha ni harufu ngeni. Leo kichupa kina dawa, kesho kina manukato. Kama kila nyumba ikiwa na kichupa chake, tukakifunga uzi wake shingoni, kitakwenda na kurudi hukohuko. Hakitatiwa kitu chengine ila mafuta ya karafuu. Kuosha kutakuwa mara moja tu, na maji ya moto yatatosha."

Bi Mwanakhamis alikaa akilipima lile wazo. "Na ukiona nyumba imetia kitu chengine?"

"Nitakwambia."

"Hata kama ni kuosha mara tatu?"

"Hata mara kumi, Bibi."

Wakafanya hivyo. Nyumba ya Bi Mwatum ilipata uzi wa kijani, na ya yule mama aliyefunga mlango uzi mweusi, ingawa ilichukua mwezi mzima kabla hajakubali kuupokea. Vile vichupa vya plastiki vilivyobaki ndani ya boksi havikutiwa mafuta tena. Bibi aliwapa washonaji wa mtaani watilie vifungo na sindano. "Chombo hakina kosa," alisema. "Kosa ni kukipa kazi isiyo yake."

Jioni moja, kazi ilipokwisha mapema na sauti za nage zikasikika kutoka uwanjani, Bi Mwanakhamis alimwita Wanu akaketi naye.

"Sikukupiga siku ile," alisema, "kwa sababu fimbo ingekufundisha kuniogopa, na mimi sitaki uniogope. Nataka ujue. Kazi ikikuchosha, njoo useme, Bibi, nimechoka. Kuchoka si aibu. Tutakaa tuangalie tunavyoweza kuipunguza, kama ulivyoipunguza kwa nyuzi zako. Lakini mtu akikwambia wewe ndiye macho yangu, amekukabidhi miguu yake yote. Ukimwambia njia ni salama, atakwenda, na wote wanaomfuata watakwenda. Kwa hivyo sema ulichokiona, mjukuu wangu, hata kikiwa kinakuongezea kazi. Umenisikia?"

"Naam, Bibi. Nimekusikia."

"Haya, nenda ukacheze. Magharibi haijafika."

Wanu alisimama, akapiga hatua mbili, kisha akarudi. Alikichukua kichupa cha mwisho kilichokuwa jamvini, akakiinua penye mwanga na kukitazama kwa makini.

"Hiki bado, Bibi," alisema. "Kina doa chini." Akakirudisha beseni, akaikaza kanga yake kifuani.